Nyoka Kahama Jana, Leo Ushaanza Kumrekodi

Wasee, kuna aina moja ya vidio nimechoka nayo na leo nitasema. Unaijua. Jamaa anafungua boksi, anatoa nyoka kwenye mfuko wa kitambaa, anamtia kwenye kizimba kipya cha kioo chenye taa za rangi. Muziki unapanda, maandishi yanatokea, "Karibu nyumbani!" Sekunde kumi baadaye mkono uko ndani tena. Nyoka anatolewa, anazungushwa shingoni, anapewa dada mdogo amshike, anarudishwa. Kesho yake sehemu ya pili. Kesho kutwa sehemu ya tatu, na hapo ndipo nyoka anarusha kichwa kuuma, na bila shaka hiyo ndiyo inavuma. Komenti zinajaa: "Nyoka ni nyoka tu", "Shetani huyo", "Mimi singeweza."

Buda, huyo si shetani. Huyo ni mnyama aliyehamishwa juzi na hajapewa hata usiku mmoja wa kutulia.

Msimamo wangu ni huu: nyoka akihamia kizimba kipya, mkono wako hauna kazi humo ndani isipokuwa kubadilisha maji na kutoa uchafu, mpaka ale, amalize kusaga chakula, halafu ale tena. Ikichukua wiki mbili, ni wiki mbili. Ikichukua miezi miwili, pole kwa algorithimu yako.

Kabla mtu akimbie kwa komenti kuniuliza nyoka wananunuliwa wapi: huku Kenya huwezi tu kuamua kufuga nyoka kwenye kanyumba kako ka chumba kimoja Roysambu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema kumfuga mnyamapori bila leseni ni kosa, na leseni inatoka KWS. Kwa hivyo klipu nyingi tunazosambaza ni za Marekani na Uingereza, ambako watu wanafuga nyoka sebuleni kama vile shosho anafuga kuku. (Na mmoja wa wanaopendwa sana huko ni mwananchi mwenzetu, yule boa mfupi mnene wa mchangani, rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia, ambaye hata jina lake la sokoni lina neno Kenya ndani. Kwao ni makavu ya kaskazini na mashariki mwa nchi hii, lakini uliza watu kumi hapa tao kama wamewahi kumwona.) Lakini huku pia kuna vituo vyenye leseni, watu wanalipa kiingilio, na siku hizi wanakuja na ringi ya taa na stendi ya simu. Tabia ni ile ile. Tumeikopa nzima nzima.

Sasa, kama ulisoma bweni, nataka ukumbuke wiki yako ya kwanza ukiwa mono. Umefika na sanduku lako, hujui choo kiko wapi, hujui kengele gani ni ya nini, na kila mtu anataka kukufungulia sanduku aone umebeba nini. Unaitwa hapa, unatumwa pale, unaambiwa uimbe. Usiku hulali, unasikiliza miguu ya watu kwenye bweni. Chakula hakipiti kooni. Sasa ongeza hivi: huwezi kufunga macho, kwa sababu huna kope. Hujui lugha ya yeyote. Na anayekuinua kutoka kitandani ana ukubwa wa nyumba.

Hiyo ndiyo wiki ya kwanza ya nyoka kwenye kizimba kipya, na sisi tunaiita "Karibu nyumbani".

Sisemi nyoka ana mawazo kama yako. Hana. Na ndiyo maana mambo ni magumu zaidi kwake, kwa sababu hawezi kujiambia kwamba Ijumaa ni karibu au kwamba mama atakuja siku ya wazazi. Anachojua ni kile mwili wake unamwambia. Anatoa ulimi, anaokota chembe za harufu hewani na kwenye sakafu, anazipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa, na hapo ndipo anasoma mahali alipo. Kwenye kizimba chake cha zamani kila kona ilikuwa na harufu yake mwenyewe. Hapa hakuna. Hapa kuna harufu ya gundi, ya mbao mpya, ya sabuni uliyosugulia kioo ukidhani unamfanyia hisani. Hana masikio ya nje kama yetu, lakini mtetemo wa sakafu unapita kwenye taya lake la chini mpaka ndani ya kichwa. Sasa wewe umeweka kizimba juu ya kabati lile lile lenye wufa. Besi ikipiga, yeye anaisikia kwa mwili mzima.

Halafu kuna suala la joto, na hapa ndipo watu wengi wa vidio hawana habari kabisa. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Analitafuta. Ndani ya kizimba lazima kuwe na upande wa moto na upande wa baridi, ili atembee kati ya hizo mbili kulingana na anavyojisikia. Kwa chatu, upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33 hivi, upande wa baridi karibu 25. Bila joto, chakula hakisagiki tumboni. Kinabaki pale, kinaoza, na nyoka anakitapika. Kwa hivyo ukimtoa nyoka aliyeshiba kwenye sehemu yake ya joto ukazunguka naye nje Julai hii ya Nairobi dakika ishirini ukitafuta mwanga mzuri, hujamwonyesha dunia. Umesimamisha tumbo lake.

Najua kwa sababu niliona.

Nilifanya miezi mitatu ya mafunzo ya kazi kwenye kituo kimoja chenye leseni nje kidogo ya jiji. Jina la kituo libaki na mimi. Kulikuwa na chatu jike, kama mita moja na nusu, ambaye kizimba chake cha mbao kilikuwa kimeoza chini kwa sababu ya maji. Fundi akaleta kipya, kikubwa, kioo mbele, kizuri mpaka wageni walikuwa wanakipiga picha kikiwa kitupu. Mzee aliyekuwa akiwahudumia nyoka kwa miaka mingi hakukisifu. Alikiangalia akasema, "Huu ni uwanja wa mpira. Atajificha wapi?"

Hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria. Sisi tunaona kizimba kikubwa tunasema raha. Nyoka anaona uwazi, na uwazi kwake ni mahali pa kukamatwa na ndege. Mzee akatumia asubuhi nzima kukijaza: kipande cha gogo, majani makavu, matawi, na maboksi mawili ya kujifichia. Mawili, si moja. Moja upande wa moto, lingine upande wa baridi. Nikamuuliza, "Mzee, si moja linatosha?" Akanijibu, "Kijana wangu, ukimpa moja, anachagua. Akae salama lakini ahisi baridi, au apate joto akiwa wazi. Atachagua usalama kila siku, na chakula hakitasagika." Na maboksi yenyewe hayakuwa makubwa. Alitaka nyoka akijikunja humo ubavu uguse kuta, kwa sababu kuguswa na kuta ndiko kunamtuliza.

Halafu akachukua konzi mbili za majani kutoka kizimba cha zamani, pamoja na boksi lile kuukuu, akaweka ndani ya hiki kipya. Yaani machafu machafu hivyo. Mwenye kituo alikasirika, akasema kizimba cha pesa yote hiyo kinawekewa takataka. Lakini ilikuwa harufu ya nyumbani. Mzee hakutumia maneno hayo, alisema tu, "Ajikute."

Kisha akachukua katoni, akafunika kioo mbele. Siku saba.

Wasee, wageni walilalamika! Mama mmoja alisema amelipa kiingilio cha watoto watatu, hawezi kuonyeshwa katoni. Jamaa mwingine alitaka arudishiwe pesa. Na naelewa, pesa ni pesa. Lakini ukiuliza kwa nini mnyama ambaye hajala na hajalala ana deni na wewe kwa sababu ulilipa mtu getini, hakuna anayekujibu.

Siku ya nane Mzee akampa panya aliyekufa, aliyepashwa moto kwenye maji ya vuguvugu. (Aliyekufa, tafadhali. Panya hai akikosa kuliwa anamtafuna nyoka, na nimeona kovu.) Chatu hakugusa. Asubuhi panya akatolewa, hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemtikisia panya usoni mara kumi. Mzee hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kula. Sisi ndio tunapaniki, sisi tunaokula mara tatu kwa siku na mandazi katikati. Siku ya kumi na tano akajaribu tena, na usiku huo alikula. Mzee alitabasamu kama mtu aliyepata matokeo ya mtoto.

Kesho yake akaja msanii wa kontenti. Simtaji. Ana wafuasi wengi, wengine wenu mnamfuata. Alikuwa ameongea na mwenye kituo, pesa ilikuwa imelipwa, na alitaka huyo chatu hasa kwa sababu kizimba chake kilikuwa kipya na kingeonekana fiti kwenye kamera. Mzee akasema hapana, amekula jana. Akaambiwa ni dakika tano tu. Akakunja mikono, akakataa kufungua. Ikabidi mfanyakazi mwingine afungue. Dakika tano zikawa zaidi ya ishirini, shingoni, begani, chini kwenye nyasi, "rudia hiyo, sikuwa tayari", na baridi ile ya Julai. Tumbo la nyoka lilikuwa na uvimbe unaoonekana wazi. Msanii aliuliza, "Ana mimba?" na wote waliomzunguka wakacheka.

Usiku ule alitapika. Kama hujawahi kunusa panya aliyekaa tumboni mwa nyoka siku moja na nusu bila kusagika, mshukuru Mungu wako. Nilisafisha mimi. Harufu tuachie hapo. Kinachouma zaidi ni kwamba nyoka akitapika anapoteza maji na asidi ya tumbo, koo linaungua, na huwezi kumlisha tena kesho yake eti kufidia. Unangoja kama wiki mbili nzima, kisha unaanza na kitu kidogo kuliko mwanzo. Katoni ikarudi. Alipopewa tena, alikataa. Akakataa tena. Akaanza kusugua pua kwenye kioo usiku kucha akitafuta pa kutokea, mpaka magamba ya puani yakachubuka. Ngozi ya pembeni ikalegea, uti wa mgongo ukaanza kuonekana. Alikula Septemba.

Vidio ile bado iko. Sehemu ya kutapika haiko.

Sasa najua majibu yenu, kwa sababu nilishaandika kidogo kuhusu hili na mkanijia. La kwanza ni kwamba nyoka anafaa kushikwa mapema ili azoee harufu ya mtu. Si kweli hivyo. Harufu yako anaizoea ukibadilisha maji kila siku bila kumgusa, ukikaa karibu na kizimba ukisoma, ukipita polepole. Anajifunza kwamba kile kitu kikubwa hupita na hakuna kibaya kinachotokea. Ukianza kwa kumshika, anajifunza kwamba kile kitu kikubwa huja kumnyakua. Hilo pia ni kuzoea, lakini ni kuzoea kukuogopa.

La pili, "Lakini alinikumbatia, alijizungusha mkononi." Aki, hapana. Umemwinua mita moja kutoka chini. Anajishikilia asianguke. Hata wewe ukining'inizwa kwenye mlango wa matatu ya Rongai utakumbatia chuma, na hakuna atakayesema unakipenda kile chuma.

La tatu ndilo lenye uzito, na sitalidharau. Watu wanasema: Kenya tunaua kila nyoka tunayemwona. Awe chatu, awe yule mdogo wa shambani asiye na sumu anayekula panya, mtu anaokota jiwe kwanza anauliza baadaye. Sasa kama kijana wa mtaani anamwona mwenzake ameshika nyoka kwenye TikTok, uoga unapungua. Kontenti inaokoa nyoka.

Ningependa iwe hivyo. Kuna watu wanafanya hiyo kazi vizuri, na nyoka wao unaona wametulia, ulimi unatoka polepole, mwili umelegea. Lakini angalia ni klipu gani zinasambaa. Ni ile ya siku ya tatu. Ni ile nyoka amejikunja kama spring'i, anapuliza, anarusha kichwa kwenye kioo. Umechukua mnyama ukiwa umemtia hofu, ukamrekodi akiwa na hofu, ukatuma kwa watu ambao tayari wanaamini nyoka ana chuki na binadamu tangu Edeni. Umewapa ushahidi. Kisha mtoto wa Kitengela anamwona nyoka nyuma ya tangi la maji na anajua la kufanya, kwa sababu wewe ulimfundisha. Badala ya kurudi nyuma, kumwacha apite au kumpigia KWS simu, anachukua jembe.

Na usiniambie eti bora mnyama yuko hai. Nyoka ana tatizo moja kubwa: haonyeshi maumivu kwa namna tunayoielewa. Mbwa akiumia analia, paka anakukwaruza, mbuzi anapiga kelele mtaa mzima unajua. Nyoka ananyamaza. Anakosa kula, anapungua kidogo kidogo, na kwenye kamera anaonekana sawa tu, hata mtulivu. Wengi wetu tunauita ule ukimya ustaarabu. "Ona vile ametulia, amezoea." Mara nyingine ameganda.

Kwa hivyo kwa wale wachache wenu wenye leseni, au mnaofanya kazi kwenye vituo, au mko majuu na mnaye mmoja chumbani: andaa kizimba kabla nyoka hajafika, si baada. Washa joto siku mbili kabla, upime kwa kipimajoto, sehemu zote mbili, usipime kwa kiganja. Chanzo cha joto kiwe na kifaa cha kukizima kikipita kiwango, na balbu iwe nyuma ya wavu, kwa sababu nyoka hujibandika kwenye kitu cha moto mpaka anaungua. Stima ikipotea, na itapotea, uwe na mpango: blanketi juu ya kizimba, chupa za maji moto nje ya kioo. Chini usimwage maranda ya seda, yale ya nguzo za ua, mafuta yake ni makali kwa mapafu yake. Bakuli la maji liwe zito asilipindue. Na mlango uwe na kufuli ya kweli, si tofali juu, kwa sababu usiku wa kwanza atapima kila ufa, na nyoka aliyetoroka kwenye ploti yenye familia ishirini hana siku mbili za kuishi.

Halafu mtie ndani na boksi lake la zamani, funika mbele, uondoke.

Mtu ataniuliza, sasa nitapost nini? Post katoni. Sina mzaha. Rekodi katoni siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tano. Tuambie joto ni ngapi leo. Tuonyeshe alama aliyoacha kwenye majani usiku, bakuli la maji lililosogea kidogo, panya aliyekataliwa, panya aliyekataliwa tena. Halafu siku moja asubuhi unafunua na panya hayuko, na bado hatumwoni nyoka, tunaona tu ncha ya mkia ikitokeza kwenye boksi la upande wa moto. Mimi hiyo nitaitazama yote, na nitaiweka laiki kabla hata ya kuisikia sauti yako.